Bwana Tocher, Aliyewafundisha Wapasuaji Kusikiliza

Bwana Ranald Tocher, mpasuaji mkuu na mwasisi wa Kituo cha Mazoezi cha Hospitali ya Kirkdorran, atastaafu Ijumaa tarehe 28 Agosti baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Mkurugenzi Gavin Mutch aliwatangazia rasmi wafanyakazi habari hiyo Jumatatu iliyopita, akaongeza kwamba Bwana Tocher mwenyewe ameomba hotuba za siku ya kumuaga ziwe fupi. Waliokaa nyuma ya ukumbi waliomba sehemu hiyo irudiwe. Walidhani spika zimeharibika.

Bwana Tocher ni mtoto wa muuza nyama, jambo ambalo wagonjwa wake huambiwa baada ya upasuaji, si kabla. Alikuja Kirkdorran mwaka 1995 akiwa na nywele, suti moja ya sufu na uhakika kwamba idara ilikuwa inamsubiri yeye. Tangu hapo ametoa nyongo, ameunga matumbo na amerekebisha ngiri za karibu kila familia katika pwani hii. Mikono yake haina mjadala. Hata wasioweza kukaa naye meza moja wakati wa chai wanakubali kwamba wangemchagua yeye. Nesi mmoja alilieleza jarida hili la hospitali hivi: kama ni lazima apasuliwe tumbo, basi alipasue Tocher, mradi yeye mwenyewe awe ameshalazwa usingizi kabla Tocher hajaingia.

Kwetu, mpasuaji akishafaulu mitihani yake ya mwisho huuvua udaktari na kuvaa ubwana, na hapendi kukumbushwa alikotoka. Katika hili Bwana Tocher alikuwa mkali kuliko wote. Mgonjwa aliyemwita “daktari” alisahihishwa papo hapo, hata kama alikuwa kitandani anasukumwa kupelekwa chumba cha upasuaji. Bibi mmoja wa shambani, aliyeletwa na utumbo uliojisokota, alimjibu: “Kama wewe si daktari, mwanangu, hebu niitie aliye daktari, maana tumbo linaniuma.” Kisa hiki hukisimulia Tocher mwenyewe, na kila mwaka bibi huyo anaongezeka umri.

Lakini hatumuagi kwa sababu ya nyongo na ngiri. Tunamuaga kwa sababu ya chumba kimoja cha chini, kando ya dobi, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka.

Chumba hicho kilizaliwa na kosa. Mwaka 2003, katika hospitali hii, mpeleka barua mmoja alifunguliwa goti la kulia badala ya la kushoto. Mpasuaji hakuwa Tocher. Alikuwa mtu aliyemzidi umri na cheo, ambaye sasa hayupo. Uchunguzi ulipofanyika, ilibainika kwamba watu watatu ndani ya chumba walijua kuwa goti silo. Walipoulizwa kwa nini hawakusema, wote watatu walitoa jibu moja bila kukubaliana: mpasuaji alikuwa anazungumza. Mpeleka barua alipona, akarudi kazini, na hadi anastaafu alilalamikia magoti yote mawili kwa haki.

Tocher aliisoma ripoti ile, akaenda ofisi ya mkurugenzi wa wakati huo na kudai chumba, kioo cha kuonea upande mmoja na sanamu ya mgonjwa inayopumua. Hoja yake ilikuwa ya kweli na bado ni ya kweli. Mpasuaji hufundishwa kukata na kushona kwa miaka mingi, lakini hakuna anayemfundisha kutazama chumba chote, kuamua kwa wakati, kuongoza wenzake na kusikia anapoambiwa amekosea. Wagonjwa wengi wanaoumizwa hawaumizwi na kisu kibaya, bali na chumba kilichonyamaza. Alitaka chumba ambamo wapasuaji wangekosea hadharani, juu ya mtu wa plastiki, kisha wakae chini na kuambiwa.

Alikipata. Sanamu ikapewa jina la Petrie. Dougal Imlach, fundi mitambo, akawekwa nyuma ya kioo kumpa Petrie mapigo ya moyo, presha, damu na, pale anapokuwa bado macho, sauti. Nesi Netta Lorimer akapewa kazi ya kuigiza nesi anayeiona hatari. Maneno yake yaliandikwa na Tocher kwa ngazi tatu: kwanza adokeze, mpasuaji asiposikia aulize, asiposikia tena aseme “Simama.” Miaka kadhaa baadaye Daktari Ewan Skene, daktari wa usingizi, akawa anakaa kichwani mwa Petrie kama anavyokaa kichwani mwa wagonjwa halisi wa Tocher. Kwa mfumo huo wapasuaji kutoka kaskazini yote, hadi visiwani, wamekuja Kirkdorran, wamemuua Petrie kwa njia mbalimbali, na wengi wamerudi makwao wakiwa watu bora kidogo.

Mwalimu wao ndiye aliyekuwa tatizo.

Kanuni ya kwanza ya kikao cha baada ya zoezi ni kwamba mwanafunzi huanza kusema. Bwana Tocher ndiye aliyeiandika kanuni hiyo. Ipo ukutani, ndani ya fremu. Huketi chini yake, humwuliza mwanafunzi, “Haya, ulijisikiaje?” na kabla mwanafunzi hajafungua mdomo humweleza alivyojisikia. Mpasuaji mmoja kutoka visiwani aliwahi kumtupia Netta mkasi katikati ya zoezi. Tocher alisimamisha kila kitu na kumhubiria kuhusu kuwaheshimu wenzake. Mahubiri yalikuwa mazuri na marefu sana. Kijana aliomba radhi mara kadhaa wakati yanaendelea, na hakuna aliyemsikia.

“Nilimwona kijana wa watu anakaribia kulia,” anakumbuka Netta. “Nikamwambia, we kaa tu, mwanangu, nimeshakusamehe tangu aya ya kwanza.”

Hali hiyo ingeweza kuendelea hadi siku ya keki na kadi. Januari mwaka huu, hata hivyo, baraza linalotoa vibali vya vituo kama chetu liliweka sharti jipya: msimamizi wa kituo naye apimwe. Aingie katika zoezi kama mwanafunzi, atazamwe na mpimaji wa nje, apewe alama kwa kila jambo, kuanzia moja, ambayo ni mbaya, hadi nne, ambayo ni nzuri. Akipata chini ya tatu popote, ameanguka. Atapewa nafasi tatu. Akianguka zote, kituo kinapoteza kibali mwisho wa Julai, na mafunzo yanahamia mji mkubwa wa kusini.

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Dougal angetafuta kazi nyingine. Chumba kingerudi kuwa stoo, safari hii ya viti vya magurudumu. Na Bwana Tocher, ambaye tarehe yake ya kustaafu ilishajulikana, angeondoka baada ya kukifunga kwa mdomo wake kitu pekee alichokijenga ambacho hakimo ndani ya tumbo la mtu.

Yeye hakuwa na wasiwasi. Alimwambia Mkurugenzi Mutch kwamba baraza litajifunza mengi.

Mpimaji alikuja Machi. Daktari Ishbel Threipland ni mwanasaikolojia, mwanamke mfupi, mkimya, anayekunywa maji ya moto matupu, jambo lililowatia watu wa hapa hofu kuliko alama zenyewe. Alichukua zoezi moja kutoka katika kabati la kituo, la nyongo, na kumwomba Tocher aingie. Kwa utaratibu wetu kila mtu huandika jina lake la kwanza kwenye kofia ya karatasi, ili awe rahisi kuitwa. Kofia ya Tocher ilisomeka BWANA TOCHER.

Zoezi alilitunga mwenyewe. Alilijua kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Alipofika pale ambapo presha ya Petrie hushuka, Netta alidokeza kama inavyotakiwa.

“Bwana Tocher, sina hakika, lakini naona kama kuna damu huku chini.”

“Umewahi, Netta,” alisema Tocher bila kuinua macho. “Hapo unasubiri kwanza Dougal ashushe presha. Dougal! Presha!”

“Nimeshashusha, bosi,” ilisema spika.

“Basi ishushe zaidi. Netta, rudia. Na uweke hofu kidogo kwenye sauti, siyo kama unaagiza chai.”

Netta alirudia, akaweka hofu. Tocher alimsifu. Petrie aliendelea kuvuja. Kwenye kikao Tocher alieleza kwamba zoezi lenyewe limetungwa kwa ustadi mkubwa. Daktari Threipland alimpa moja kwa mawasiliano. Alipoombwa aeleze kwa nini, alisema kwamba ameona mtu akiongoza mchezo wa kuigiza na hajaona mtu akimpasua mgonjwa.

Mei alikuja na zoezi jipya, alilolitunga yeye, ndani ya begi lililofungwa. Tocher naye alikuwa amejiandaa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akijizoeza kuwauliza watu maoni yao, kwenye korido, kwenye lifti, kwenye foleni ya kantini, ambako mpishi aliyeulizwa ana maoni gani kuhusu rowie za asubuhi hiyo, ile mikate yetu bapa ya chumvi na mafuta, alidhani analaumiwa na kuomba apelekwe zamu nyingine.

“Netta, una maoni gani?” alianza, hata kabla hajashika kisu.

“Kuhusu nini?”

“Kuhusu lolote. Jisikie huru.”

“Sina kwa sasa.”

“Asante kwa kusema hivyo. Ewan, wewe je?”

“Mgonjwa amelala,” alisema Daktari Skene.

“Nimekusikia. Unasema mgonjwa amelala.”

“Ndiyo.”

“Asante, Ewan.”

Waliendelea hivyo. Baadaye kidogo Netta aliinua sauti.

“Bwana Tocher, sasa nina maoni. Huyu anavuja damu.”

“Asante sana, Netta. Nataka nihakikishe nimekuelewa. Unasema anavuja damu.”

“Sana.”

“Sana. Vizuri. Kabla sijaamua, ningependa kusikia na Ewan anaonaje. Na nyuma ya kioo pia. Dougal?”

Petrie kwa wakati huo alikuwa chini ya dawa ya usingizi na kisheria hakuruhusiwa kusema neno. Alisema kupitia spika: “Jamani, nakufa huku.”

Akafa kweli. Moyo wake ulisimama wakati mpasuaji wake akimshukuru daktari wa usingizi kwa mara ya nne. Dougal alipewa onyo kwa kuvuruga zoezi, nalo likaondolewa baada ya Daktari Threipland kusema kwamba kwa maoni yake fundi ndiye pekee aliyeonyesha kuijua hali ya mgonjwa. Tocher alipata mbili kwa mawasiliano, na moja kwa kuamua.

Baada ya hapo alibadilika. Wafanyakazi waliona amekuwa mkali kwa wagonjwa wa asubuhi na mpole kwa wa mchana, bila sababu. Alionekana akisimama mlangoni mwa chumba cha chini bila kuingia. Siku moja mwezi Juni alimkuta Netta peke yake katika chumba cha chai, akafunga mlango, akaketi mbele yake.

“Netta,” alisema, “tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Niambie ukweli, usinionee haya. Mimi ni mtu wa kusikiliza?”

“Kusema kweli, Bwana Tocher—”

“Nakuuliza kwa sababu mimi nadhani kiini chake ni kile kizazi tulichofundishwa nacho. Unajua, mwalimu wangu wa kwanza…”

Alimweleza kuhusu mwalimu wake wa kwanza, kisha wa pili, mpaka mapumziko ya Netta yakaisha. Netta alipoinuka, Tocher alimshika mkono na kumwambia kwamba mazungumzo yale yamemsaidia sana. Netta aliondoka na jibu lake zima, halijaguswa.

Nafasi ya tatu ilipangwa Jumanne ya katikati ya Julai. Ukungu wa bahari ulikuwa umekaa juu ya maegesho tangu alfajiri, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona Bwana Tocher akiingia amejifunga skafu ya sufu. Julai kwetu skafu si habari. Kilichoshangaza ni kwamba alipita mapokezi bila kusema neno. Alishuka chini, akasimama mbele ya wenzake, akagusa koo na kutikisa kichwa.

“Bosi,” alisema Dougal, “umepotewa na sauti?”

Tocher aliitikia kwa kichwa.

“Yote?”

Akaitikia tena. Dougal aliomba radhi, akatoka nje, akakaa huko kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni ukungu.

Daktari Threipland alimkumbusha Tocher kwamba hakuna nafasi ya kuahirisha, kibali kinakwisha mwezi huohuo. Anaweza kuingia hivi alivyo, au akubali kwamba ameanguka. Tocher aliivua skafu, akachukua kalamu, akaandika kwenye kofia: RANALD. Wakaingia.

Lilikuwa zoezi la tumbo, na hatari yake ilikuwa kitambaa cha kunyonya damu ambacho Dougal alikificha ndani ya Petrie mapema. Tocher alifanya kazi yake, na alipofika pa kufunga alinyoosha mkono apewe uzi. Netta alidokeza, kwa sauti ya chini, kama alivyodokeza mbele ya mamia ya wapasuaji.

“Sina hakika kama vitambaa vyote vimerudi.”

Mkono wa Tocher ulisimama hewani. Alimgeukia. Alimtazama usoni, akainua nyusi, akasubiri.

Hapo Netta alikwama. Kwa miaka yote ile hakuna mpasuaji aliyewahi kusimama kwenye dokezo. Siku zote alilazimika kupanda ngazi ya pili, mara nyingi na ya tatu, na maneno yake yote yaliandikwa kwa mtu asiyesikia. Kwa mtu aliyesikia hakuwa na neno.

“Mh,” alisema. “Kimoja. Kimoja sikioni. Nadhani kimebaki nyuma ya ini.”

Tocher aliingiza mkono nyuma ya ini, akatoa kitambaa, akakiweka mbele yake na kuinamisha kichwa kidogo. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuuliza, alizungusha macho mezani, akasimama kwa kila mtu kwa zamu. Zamu ya Daktari Skene ilipofika, Skene alinyamaza. Mtindo wake ni kunyamaza. Tocher hakuondoa macho.

“Kuna kitu,” alisema Skene. “Siyo cha zoezi.”

Tocher alisubiri.

“Unamwegemea kifuani. Kiwiko chako. Ukishazama kwenye kazi unamlalia mgonjwa kifua, na mashine yangu inahangaika kumpa hewa. Mimi naongeza nguvu, wewe unaegemea zaidi.” Alikohoa. “Huwa unafanya hivyo. Hata kwa wale wa kweli. Hasa kwa wale wa kweli.”

Nyuma ya kioo Dougal aliondoa mikono kwenye vitufe. Kiwiko cha kushoto cha Bwana Tocher kilikuwa katikati ya kifua cha Petrie. Alikitazama kana kwamba ameonyeshwa kiwiko cha mtu mwingine. Kisha akakiinua, akarudi hatua nyuma, akabaki amesimama hivyo, mikono juu, kama mtu anayengoja kuambiwa aende wapi.

“Hapo ni pazuri,” alisema Skene.

Tulimwuliza Skene kwa nini hakusema jambo hilo katika miaka kumi na moja waliyofanya kazi pamoja. Alifikiri, akajibu kwamba aliwahi kuanza mara mbili.

Petrie alipona. Alama za Bwana Tocher zilikuwa tatu kwa kuamua, tatu kwa kuongoza, nne kwa mawasiliano na nne kwa kuijua hali ya chumba. Kibali cha kituo kimeongezwa kwa miaka mitano. Daktari Threipland alipomaliza kuzisoma, watu walipiga makofi, chai ikaletwa, na kabla haijapoa sauti ya Bwana Tocher ilirudi, yote kwa pamoja, bila mkwaruzo wowote. Alitumia alasiri iliyobaki kuwaeleza waliokuwepo siri ya kusikiliza vizuri.

“Ni suala la nidhamu,” alimwambia Netta.

“Naona, Bwana Tocher,” alisema Netta.

Jambo hili lingeishia hapo kama mke wake, Bi Rhona Tocher, asingefika hospitalini wiki mbili baadaye kuuliza kuhusu keki. Jarida hili lilimpa pole kwa maradhi ya koo yaliyompata mumewe. Alicheka hadi akashika meza.

“Koo gani?” alisema. “Asubuhi ile alinisomea gazeti zima kwa sauti, matangazo ya vifo pamoja. Akagombana na redio. Tulipofika mlangoni ndipo akageuka, akanyoosha mkono, akaniambia: ‘Rhona, nikifungua mdomo leo, kituo kinafungwa. Nipe skafu yako.’ Ndilo neno la mwisho nililolisikia mpaka jioni. Nyumba ilikuwa tamu, sikufichi.”

Taarifa hiyo tuliipeleka kwa Daktari Threipland, kwa sababu ilitubidi. Tulimwuliza kama alama za mtu aliyejifanya bubu bado ni halali. Alisikiliza hadi mwisho, akanywa maji yake ya moto.

“Sisi hatupimi makoo,” alisema. “Tunapima mtu anafanya nini mbele yetu. Nilimwona anasimama alipoambiwa, nilimwona anamngoja mwenzake aseme. Hayo aliyafanya, hayakuwa ya kuigiza.” Akaweka kikombe mezani. “Na mtu anayeingia katika chumba, akajua hatari kubwa iliyomo ni yeye, akaiondoa kabla ya kuanza, kuna alama kwa hilo pia. Hamkuona nilimpa nne?”

Bwana Tocher ameendelea kuwapasua watu halisi wiki zote tangu hapo. Daktari Skene anasema kiwiko hakijarudi kifuani mwa mtu. Mdomo umerudi.

Kwa hiyo tunamshukuru kwa nyongo, kwa ngiri, kwa matumbo yaliyoungwa yakashika. Tunamshukuru kwa kuisoma ripoti ya goti wakati wengine waliitia kabatini, na kwa kudai chumba ambacho mtu yeyote mwenye busara angekataliwa na kwenda zake. Alipokataliwa hakusikia, na safari hiyo ilikuwa heri yetu. Tunamshukuru kwa mamia ya wapasuaji wanaosimama leo kwenye dokezo la kwanza, au angalau la pili, waliofundishwa jambo jema na mtu aliyekuwa mfano kamili wa kwa nini linahitajika. Tunamtakia afya, bustani yenye majirani wavumilivu, asubuhi ndefu zisizo na king'ora, na Bi Rhona tunamtakia nguvu.

Hafla ya kumuaga itafanyika Ijumaa tarehe 28 Agosti, saa nane mchana, katika chumba cha chini kando ya dobi. Wote mnakaribishwa.

Kozi ya kwanza ya msimu mpya itaanza Jumatatu inayofuata, tarehe 31 Agosti, chini ya Daktari Skene. Nafasi sita zimejaa. Ya sita imechukuliwa wiki hii na Bwana Tocher mwenyewe, kama mwanafunzi. Tulimwuliza mstaafu aliyekwisha kufaulu anatafuta nini humo, tukajiandaa kwa jibu refu.

“Nilifaulu nikiwa bubu,” alisema. “Nataka kujua kama naweza nikiwa na sauti.”

Ataingia saa mbili kamili asubuhi.